Kampuni zikiungana ujuzi haujipeleki wenyewe

Kampuni ikinunua nyingine watu wanashangilia bei tu, ya ujuzi nani anauliza? Hapo ndo pesa nyingi zinapotelea, na dhana potofu zinazosababisha ni zilezile.

"Data ikishahama, kazi imeisha." Hii ndo mbaya kuliko zote. Angalia benki ya TSB ya Uingereza. Benki ya Sabadell ya Hispania iliinunua 2015 lakini benki ikawa bado inatumia mifumo ya kompyuta ya Lloyds, benki iliyokuwa inaimiliki zamani, kwa hiyo ikabidi wahamishe wateja waende kwenye mfumo wa Sabadell, na hao Sabadell walikuwa wameshameza mabenki kadhaa kwao Hispania, wazoefu kabisa. Aprili 2018 wakahamisha, na data ilifika salama, ila mfumo wenyewe ukagoma, watu hawaingii kwenye akaunti zao, matawi yote yakaguswa, benki ya wateja milioni 5.2 hiyo, na mambo kukaa sawa ni mpaka Desemba. 2022 TSB wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Kazi walipewa kampuni ya aiti ya Sabadell, na TSB hawakuwabana vya kutosha kujua kama kweli wako tayari. Uzoefu wa Hispania ni wa Hispania jamani, kuujua mfumo ni kitu kimoja, kujua benki ya Uingereza inavyotembea kila siku ni kitu kingine.

"Mkubwa ndo anamfundisha mdogo." Si lazima. Benki za NIC na CBA za Kenya ziliungana 2019 zikawa NCBA, wenye hisa wa CBA wakapata 53% na wa NIC 47%, sasa hapo mwalimu nani? NIC ilianza 1959 na biashara ya kukopesha watu wanunue mali, magari ameyajua miaka na miaka. CBA ndo walikuwa na M-Shwari pamoja na kampuni ya simu ya Safaricom tangu 2012, yani kumkopesha mtu kwa simu bila kumuona sura. Ukimwacha mmoja tu aamue kila kitu, ujuzi wa mwenzake unakufa ukiwa ndani ya nyumba.

"Dili likitangazwa tu tuanze kupeana siri." Wee! Mpaka mamlaka za ushindani ziidhinishe nyie bado ni washindani. Kampuni ya mawasiliano ya Altice walipigwa faini ya yuro milioni 124.5 na Tume ya Ulaya 2018 kwa kuanza kuiendesha PT Portugal, kampuni ya simu ya Ureno waliyokuwa wanainunua, kabla ya ruhusa, na kupeana taarifa nyeti kulikuwemo.

Halafu ile ya "mfanyakazi anayeondoka ataandika hendova, yani maelezo ya kukabidhi kazi, wiki mbili za mwisho". Mtu ameshajua anaachishwa, atakuandikia orodha ya paswedi na mafaili, basi. Mteja gani anachelewa kulipa lakini halipi pungufu, sapulaya gani umpigie kabla ya saa nne, hayo hayaandiki, sio roho mbaya, hata hajui kwamba anayajua. Mkalishe na mrithi wake wafanye kazi pamoja miezi kadhaa, na umlipe vizuri kwa kubaki.