Ripoti mbili za ukaguzi wa data si udanganyifu

Katika mashirika ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, imani hii ni ya zamani: ukaguzi mmoja ukizaa ripoti mbili, moja ya ndani na nyingine ya mfadhili, basi kuna kitu kinafichwa. Sivyo. Kinachopaswa kufanana ni matokeo, si kurasa.

Tuseme kituo cha afya cha Kadutu kimeandika wagonjwa 120 wa malaria katika ripoti ya mwezi, lakini mkaguzi akihesabu upya rejista anakuta 100. Anagawanya 100 kwa 120, anapata asilimia 83. Kwa kawaida huvumiliwa tofauti ya asilimia 10, kwa hiyo hapa kuna kasoro. Hiyo 83 lazima ionekane katika ripoti zote mbili, pamoja na maelezo ya jinsi vituo vya kukaguliwa vilivyochaguliwa. Ikipotea njiani, huo ndio udanganyifu.

Ripoti ya ndani huongeza mengine: ukurasa gani ulihesabiwa mara mbili, nani atasahihisha kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya), na lini. Mfadhili hayahitaji (wengi, kusema kweli, husoma muhtasari tu). Majina ya wagonjwa hapelekewi kabisa. Kongo ina sheria ya dijitali ya mwaka 2023 inayolinda data binafsi.