Fundi wa plasta, njoo upimwe

Malalamiko ya plasta yanayotufikia Nairobi ni ya aina mbili. Wenye nyumba wanasema ukuta umeanza kupasuka na kubanduka kabla hata rangi haijakauka vizuri. Mafundi nao wanasema wamefika langoni mwa saiti, iwe Ruaka au Syokimau, wakaulizwa cheti cha ufundi, na kwa kuwa hawakuwa nacho wakarudi nyumbani na mwiko mkobani. Nimekuwa mtahini wa mafundi wa ujenzi kwa miaka mingi, na haya yote mawili yananihusu.

Mtihani wa ufundi wa serikali uko chini ya NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda. Una gredi tatu: unaanza na ya 3, unapanda hadi ya 2, kisha ya 1. Huruki. Wapiga plasta wengi hupimwa kama waashi, kwa sababu plasta ni sehemu ya kazi ya mwashi. Gredi ya 3 haidai cheti cha kidato cha nne (KCSE), na nimechoka kulirudia hili. Kila msimu naletewa habari za mtu aliyepiga plasta nusu ya Githurai lakini haji kupimwa, eti aliachia shule darasa la sita. Yapo maswali ya nadharia, lakini ni yale yale unayomfundisha mtu wako wa mkono, yaani kibarua anayekusaidia, kila siku.

Wakongwe huangushwa na mambo madogo. Namkumbuka mzee mmoja, mkono wake mwepesi ajabu. Aliweka vidoa vya kupimia unene, akavuta rula, kona ikanyooka hata timazi halikuwa na la kusema. Baadaye nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Hakuwa ameulowesha. Jiwe la kujengea la machimbo ya Ndarugu linakunywa maji; ukilipaka likiwa kavu linanyonya maji ya plasta kabla simiti haijafanya kazi, na plasta inabaki imeegemea tu, haijashika. Aliniambia amefanya hivyo miaka ishirini. Nikamuuliza ni kuta ngapi kati ya hizo amewahi kurudi kuzigonga.

Jambo la pili ni vipimo. Ukiniambia unachanganya “kwa macho”, sina pa kukupa alama. Kwa 1 kwa 4, yaani simiti sehemu moja na mchanga sehemu nne, mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za simiti, kwa hiyo mchanga ni lita 140 hivi, yaani ndoo saba za lita 20. Ndoo, si sepeto, kwa maana sepeto la asubuhi na la saa tisa mchana hayalingani. Wala simiti nyingi haifanyi plasta kuwa imara zaidi: inasinyaa ikikauka na kupasuka. Wanaonyunyizia simiti kavu juu ya plasta mbichi ili imalizike haraka wanajua vyema kwamba wanaiharibu. Kisha ukuta umwagiwe maji siku saba. Najua maji ya boza ni ghali na mwenye nyumba atanung'unika. Mwambie kabla hujaanza kazi.

Kadi ya NCA ni kitu kingine, msichanganye. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, huidhinisha wafanyakazi stadi wa ujenzi. Kadi hiyo si mtihani wa mwiko. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, tovuti ya serikali, nambari ya malipo 222222. Anayekuomba umtumie kwa simu yake binafsi “akusukumie” cheti ni tapeli, na wewe uliyekubali si mwathiriwa tu. Kughushi hati ni kosa chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka mitatu. Kuitumia hati hiyo ukijua ni bandia ni kosa chini ya kifungu cha 353, na adhabu ni ile ile. “Niliuziwa na foremani” haitakutoa.

Sasa ajali. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ukianguka kutoka kwenye jukwaa, mwajiri ajulishwe, kwa mdomo au kwa maandishi, nawe au na mtu kwa niaba yako. Yeye naye ana siku saba kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Dai la fidia lifikishwe ndani ya miezi 12. Kibarua anahesabiwa, mkataba wa mdomo ni mkataba. Lakini ukichukua kazi ya kulipwa kwa mita, ukajiletea watu wako wa mkono na kuwalipa jioni, huenda mwajiri wao ni wewe, na jukumu la kuwakatia bima likawa lako. Nasema “huenda” kwa sababu kila kesi huamuliwa kwa hali yake. Mafundi hawapendi kusikia hili.

Glavu na buti je? Simiti mbichi huunguza ngozi taratibu, na wengi hugundua usiku. Vumbi la kukwangua ukuta mkavu lifunikiwe pua kwa barakoa, leso haitoshi.

Siku ya mtihani njoo na kitambulisho halisi, na uulize kituo chako mapema ni vifaa gani uje navyo. Ukiruhusiwa, leta mwiko wako mwenyewe ulioshika umbo la mkono wako. Nimeona watu wazuri wakifeli kwa mwiko wa kuazima.