Kuongeza jani kwenye springi ya pikapu: kinachobadilika na kisichobadilika

Mwenye pikapu ya zamani akilalamika kuwa gari limekaa chini nyuma, fundi mara nyingi humjibu kwa maneno mawili: ongeza jani. Maana yake ni kuingiza bamba jingine la chuma katika fungu la springi za nyuma ili gari linyanyuke, na likipakiwa lisizame sana. Kazi yenyewe si ghali, na mwenye jeki imara, stendi na spana nzuri anaweza kuifanya nyumbani. Tatizo ni kwamba wengi humaliza wakiamini wameongeza uwezo wa gari kubeba, ilhali walichoongeza ni ugumu wa springi tu.

Tuchukue Hilux za kati ya 1988 na 1997, ambazo bado zinafanya kazi mashambani na kwenye maeneo ya ujenzi Afrika Mashariki. LN106, ile inayosukumwa na magurudumu yote manne (4x4) yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, ina springi za majani mbele na nyuma. Springi ya namna hii ni fungu la mabamba yaliyopindwa, refu juu na mafupi chini yake, yakiunganishwa katikati kwa senta bolti na kubanwa kwenye ekseli kwa yu-bolti, bolti zilizopindwa kama herufi U. Jani kuu limekunjwa ncha zake zikawa matundu. Tundu moja hufungwa kwenye chasisi mahali pasipocheza, la pili hushikwa na sheko, kipande kinachobembea. Sheko ipo kwa sababu springi ikilala chini ya mzigo hurefuka, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Sheko iliyoganda kwa kutu huifanya springi nzima na nzuri ionekane ngumu kama nguzo.

Senta bolti ni ndogo lakini usiidharau. Kichwa chake huingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli, na ndicho kinachoiweka ekseli mahali pake. Yu-bolti zikilegea, springi huanza kucheza juu ya kikalio, mzigo wote wa kusukumwa huku na huku unaiangukia senta bolti, nayo hukatika. Hapo ndipo unapoona pikapu barabarani inatembea kiupande, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele.

Shokapu ni habari nyingine kabisa. Ndani yake mafuta hulazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Anayenunua shokapu mpya ili anyanyue gari lililolala anamtibu asiyeumwa.

Sasa hesabu ya jani. Tuseme springi ina majani matano yanayolingana unene, na mzigo fulani huishusha kwa sentimita 10. Ukiongeza la sita, lenye unene sawa na mengine, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 20, na mzigo uleule utaishusha kwa sentimita 8 na kitu. Si mabadiliko ya kutisha. Unene ndio wenye hila, kwa sababu ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake: jani la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 6 lenye urefu na upana huohuo. Ndiyo maana jani lililotolewa kwenye lori na kukatwa ili liingie kwenye Hilux huigeuza pikapu kuwa mkokoteni. Bila mzigo, nyuma inarukaruka, tairi hupoteza mshiko kwenye kona ya changarawe, na jani hilo moja nene hubeba sehemu kubwa ya kazi huku mengine yakilisindikiza.

Kabla ya kuongeza chochote, pima. Egesha gari tupu mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kupima kutoka ardhini hudanganya, kwa sababu upepo wa tairi unaingia kwenye kipimo. Pande zikitofautiana sana, au springi ikiwa imenyooka kabisa wakati gari halina kitu, majani yenyewe yamechoka. Pitisha brashi ya waya uangalie nyufa, hasa karibu na senta bolti, maana tundu lile ndilo sehemu dhaifu ya jani. Jani lililokatika halichomelewi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kuchomelea huufuta ugumu huo pale pale palipochomelewa. Wahunzi wanakijua chuma hiki vizuri. Springi nyingi chakavu huishia kuwa panga au kisu, na huko ndiko nafasi yake ikishavunjika.

Kwa maoni yangu, pikapu ambayo siku nyingi hutembea tupu na kubeba mara mojamoja haihitaji jani la ziada. Inahitaji majani yake ya zamani yakunjwe upya na fundi wa springi, au seti nzima mpya ya kiwango cha kiwanda. Jani jipya lililopinda vizuri likiwekwa juu ya yaliyochoka hubeba peke yake, nalo huchoka mapema. Kuongeza jani kuna maana pale mzigo unapokuwa wa kudumu: tangi la maji, kreti za vifaa, bodi ya chuma iliyojengwa nyuma.

Hata hapo, uzito wa juu unaoruhusiwa unabaki uleule. Ekseli, beringi za magurudumu, tairi, chasisi na breki havijui kwamba umeongeza jani. Hatari ya springi ngumu ni kwamba inaficha dalili: gari lililozidishiwa mzigo halizami tena, kwa hiyo macho hayakuonyi. Chukua uzito wa juu ulioruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo pamoja na abiria.

Jambo linalosahaulika zaidi liko kwenye breki. Chini ya Hilux nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu iliyofungwa kwenye chasisi, na kifimbo kinachoiunganisha na ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo. Nyuma ikizama, valvu huruhusu presha zaidi kwenda breki za nyuma. Ikinyanyuka, huipunguza ili magurudumu mepesi yasijifunge. Ukinyanyua nyuma kwa jani jipya bila kurekebisha kifimbo hicho, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, hata ukiwa umepakia mchanga. Breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake. Wengine huing'oa kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja, nyuma ikajifunga kwenye lami yenye maji. Rekebisha kifimbo kwa kipimo cha kitabu cha gari, au mpe fundi wa breki.

Ukinyanyua sana, pembe ya propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pia hubadilika na krosi zake, yaani viungo vyake, huanza kutetemesha gari, na shokapu za urefu wa zamani hufika mwisho kabla ya springi. Kwa Hilux zenye tosheni ba mbele, yaani nondo inayojisokota badala ya springi za majani, kukaza bolti yake hunyanyua gari tu, hakuongezi ugumu wa ba yenyewe. Baada ya hapo alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, ni lazima.

Kwa kazi ya nyumbani, zuia magurudumu ya mbele, nyanyua kwenye ardhi ngumu, weka stendi chini ya chasisi, kisha uibebe ekseli kwa jeki ili uishushe taratibu. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kufungua senta bolti, bana fungu kwa klampu, maana majani huruka. Tumia yu-bolti mpya, za zamani zimekwisha kuvutika. Bolti za bushi, yaani mpira ulio ndani ya matundu ya springi, usizikaze gari likiwa hewani: mpira utajifunga kwenye pembe isiyo yake, ukishusha gari unajinyonga na kuchanika mapema. Zizungushe kwa mkono tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Baada ya kilomita mia chache, kaza yu-bolti tena kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Majani mapya hukaa sawa yakishafanya kazi, na nati zilizokuwa zimekaza siku ya kwanza zitakuwa zimelegea.