Je, wajua kwa nini kima punju hula mkaa?

Wengi hujibu haraka: njaa. Wengine husema chumvi, kwamba kima huyu mwekundu anayepatikana Zanzibar tu anatafuta madini. Majibu yote mawili yanakwama. Mkaa ni kaboni karibu mtupu, haushibishi. Na mwenye hamu ya chumvi angelamba jivu, kwa kuwa kuni zikiungua madini yake hubaki jivuni. Kima punju anaokota kipande cheusi, kwenye tanuri lililopoa au kisiki kilichoungua. Wala si dawa ya mgonjwa: wazima hula, na watoto wao.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani–Ghuba ya Chwaka, Unguja, ilitangazwa mwaka 2004 ikiwa na kilomita za mraba 50 hivi. Baadhi ya makundi hushinda nje yake, kwenye mashamba ya kusini, yakila majani machanga ya miembe na mikungu, ile miti ya kungu. Majani hayo yana protini nyingi, na yana fenoli, jamii ya kemikali unazozijua kwa ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Fenoli nyingine hung'ang'ania protini isimeng'enyeke, nyingine ni sumu. Tumbo la kima huyu lina vyumba ambamo vijidudu huchachusha majani, kwa hiyo vijidudu hao wakidhurika, mlo mzima umeharibika.

Hapo ndipo mkaa unapoingia. Usiufikirie kama dodoki, linalofyonza kisha ukilikamua linatema. Fikiria ulimbo: ndege akitua, amenata. Fenoli hunata kwenye kuta za vitundu vya mkaa, na kuta hizo ni nyingi ajabu. Chukua nyumba moja, igawe vyumba, kila chumba ukigawe tena: paa ni lile lile, kuta zimezidi. Mkaa wa hospitalini, uliotengenezwa kwa kazi hiyo, hupita mita za mraba 500 kwa gramu moja. Wa tanuri hauufikii, ila maabarani ulinasa vizuri kemikali za majani hayo yaliyochemshwa. Chupa ya maabara si tumbo la kima, lakini maelezo haya ndiyo yenye nguvu kuliko mengine.

Inaelekea mtoto hujifunza kwa mama, akimtazama anavyotafuna. Tabia hii imeshamiri kwa makundi ya mashambani, karibu na matanuri ya watu. Na “punju” ni sumu: jina hilo kapewa mnyama anayetembea na dawa yake mdomoni.