Unga wa magugumaji si nanoselulosi

Wiki hii kaja mwingine. Kijana na kiroba chake: kavuna magugumaji kando ya Kirumba, hapa Mwanza, kayaanika, kayapeleka kwa mashine ya kusaga, kisha kachekecha kwa kitambaa. "Shikamoo mwalimu, nanoselulosi hii hapa." Nimeacha kuhesabu ni wa ngapi.

Ule ni unga. Chembe ya unga laini wa mashine ina makumi ya mikromita. Nanoselulosi ni nyuzi nyembamba mno za selulosi, ile inayojenga kuta za mimea, na uzi wake una unene wa nanomita 5 hadi 20 hivi; mikromita moja ni nanomita elfu. Tofauti ni mara elfu kadhaa, na hakuna kitambaa kinachochekecha hivyo.

Baya zaidi ni kule kuanika. Nyuzi za selulosi zimejaa haidroksili, vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda kushikana. Maji yakitoka, zinashikana kwa bondi za haidrojeni, na hata ukizirudisha majini nyingi haziachani tena. Halafu ukisaga kikavu kwa nguvu, unavuruga fuwele zilezile ulizokuwa unazitafuta, yaani sehemu za selulosi zilizopangika vizuri! Kwa hiyo usikaushe. Nasema tena: usikaushe. Ondoa lignini na hemiselulosi, vitu vinavyozigandisha nyuzi za mmea, kwa soda kali, pausha, kisha rojo likiwa bado bichi lipitishe mara nyingi kwenye mashine ya shinikizo kubwa. Likifika 2% tu ya selulosi, limeshakuwa zito kama uji. Njia nyingine ni asidi ya salfyuriki ya takriban 64%, kwenye nyuzijoto 45 au karibu na hapo. Inakula sehemu zisizo na mpangilio na kuacha fuwele zenye chaji hasi, zinazosukumana ndiyo maana hazitulii chini. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya uani kwa mama.

Halafu kuna maneno ninayoletewa kila mara. "Nitaiyeyusha nimimine kwenye kalibu kama plastiki." Selulosi haiyeyuki kwa moto, inaungua kwanza. Nanoselulosi hutiwa ndani ya karatasi au plastiki kuziongezea nguvu.

"Kwa kuwa ni nano, ni sumu." Ni selulosi ileile iliyo kwenye mchicha wako. Ogopa vumbi lake likiwa kavu, vaa barakoa.

"Magugumaji ndiyo malighafi bora." Ni mengi, kweli, lakini zaidi ya 90% ya uzito wake ni maji, na kinachobaki si selulosi yote. Pamba ni selulosi kwa takriban 90%, nasi tuko Usukumani! Anza na mabaki ya pamba ya viwanda vya kuchambulia.

Kile kiroba nilimwambia akakitie kwenye mboji.