Doa jeusi chini ya jino: kabla hujaliita jipu

Mgonjwa alilalamika kuumwa upande wa kushoto wa taya la chini. Kwenye picha ya eksirei, chini ya mzizi wa gego dogo la pili, palikuwa na doa jeusi la mviringo. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nikaandika neno moja, "jipu", na kupendekeza mzizi utibiwe.

Mwalimu hakubishana nami. Alichukua pamba, akaipulizia dawa ya baridi, akaigusisha kwenye jino lile. Mgonjwa akashtuka, na baada ya sekunde mbili akatulia. Jino lililoota jipu kwenye ncha ya mzizi kwa kawaida kiini chake kimeshakufa, halina habari na baridi. Hili lilikuwa hai.

Nilichokuwa nimekiita jipu ni tundu la kidevuni, linalopitisha neva na mishipa ya damu kwenda kwenye kidevu na mdomo wa chini. Unalo nawe, moja kila upande wa taya. Hukaa jirani na mizizi ya magego madogo, na picha ikipigwa kwa pembe fulani, kivuli chake huangukia juu ya ncha ya mzizi.

Kosa hili bado nalikuta kila mwaka kwenye ripoti za wanafunzi wangu, na chanzo chake ni kusahau kwamba eksirei ni kivuli. Mionzi ikipita bila kizuizi, sehemu hiyo hutoka nyeusi. Ikizuiwa na mfupa, enameli (ganda gumu la nje la jino) au chuma, hutoka nyeupe. Lakini kivuli hulaza vitu vyote kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo kilicho upande wa shavu na kilicho upande wa ulimi huonekana kama vimekaa pamoja.

Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Fumba jicho moja, simamisha vidole viwili mbele ya lile lililo wazi, kimoja nyuma ya kingine, hadi cha karibu kifiche cha mbali. Sogeza kichwa kulia. Kidole cha mbali kitachomoza kulia, yaani kimekufuata. Cha karibu kitaonekana kimeenda kinyume nawe. Jicho lako ndiyo mashine ya eksirei. Piga picha ya pili ukiwa umesogeza mashine kidogo kando ya taya, kuelekea meno ya mbele au ya nyuma: kitu kikifuata mashine ukilinganisha na mzizi, kiko upande wa ulimi, kikienda kinyume, kiko upande wa shavu. Tundu la kidevuni liko upande wa shavu, kwa hiyo huuacha mzizi na kwenda zake. Jipu la kweli hubaki limeung'ang'ania mzizi katika picha zote mbili.

Kabla ya picha ya pili, tazama lamina dura, ule mstari mweupe mwembamba unaouzunguka mzizi. Ukiufuata kwa jicho na kuukuta haujakatika hata pale unapopita ndani ya doa, punguza kasi ya kulaumu jino.

Doa lingine la kuchunga ni lile la chini ya meno ya mbele ya taya la chini, hasa kwa wanawake wa umri wa kati wenye asili ya Afrika. Mfupa wa hapo unaweza kubadilika wenyewe: huanza kuwa mweusi, kisha huota weupe katikati kadiri miaka inavyopita. Meno yako hai, hayaumi, na kwa kawaida hayahitaji kuguswa. Asiyepima uhai wa meno anaweza kumtibu mama wa watu mizizi minne bure.

Na kinyume chake kipo. Jipu changa huenda lisionekane kabisa, kwa sababu mfupa hupoteza madini mengi kabla jicho halijaona tofauti. Picha safi haimfukuzi mgonjwa anayeumwa.

Watu huuliza kama picha ya pili haiongezi mionzi. Huongeza, ila kidogo. Picha moja ndogo ya kidijitali ni maikrosivati chache (ndicho kipimo cha mionzi anayoipata mtu), wakati mionzi ya asili, ya ardhini na angani, humpa mtu wastani wa maikrosivati 2,400 kwa mwaka. Hilo si ruhusa ya kupiga ovyo. Kila picha iwe na swali inalolijibu. Na kamwe usimshikie mgonjwa filamu mdomoni kwa vidole vyako. C. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa madaktari wa meno wa kwanza kutumia eksirei, aliiweka mikono yake mbele ya mionzi kwa miaka. Akapoteza vidole, kisha mkono.

Mwalimu alinirudishia ripoti yangu niiandike upya, safari hii nikianzia kwenye kingo za picha na kulifikia jino linalolalamikiwa mwisho. Nikaeleza doa lilivyo bila kulipa jina: la mviringo, lamina dura nzima, jino linahisi baridi. Nilipofika pembeni kabisa, kwenye gego la nyuma, nikaona weusi chini ya kijazo cha zamani. Hilo ndilo lililokuwa likiuma.