Kwa nini kushusha bei ya simu kuliitwa kunyang'anya mali?

Mwaka 1919 Tume ya Huduma za Umma ya jimbo la Missouri, Marekani, iliiamuru kampuni ya Southwestern Bell ipunguze bei za simu, na iache kuwatoza wateja ada ya kuwekewa simu. Kampuni ikashindwa katika mahakama ya juu ya jimbo, ikapeleka rufaa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Jimbo halikugusa hata nguzo moja. Mali gani basi ilichukuliwa? Marekebisho ya 14 ya Katiba yanakataza jimbo kumpokonya mtu mali bila kufuata haki. Na tangu 1898, katika kesi ya reli za Nebraska, majaji walishikilia kwamba bei isiyoleta faida ya haki ni upokonyaji pia. Mwenye duka akibanwa bei hufunga akauza kitu kingine. Nguzo na waya zilizokwisha kutandazwa mji mzima zinahamia wapi?

Lakini faida ya haki juu ya thamani ipi? Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Fikiria mtu aliyejenga nyumba saruji ikiwa rahisi. Leo saruji imepanda. Kodi ya mpangaji ipimwe kwa alichotumia, au kwa gharama ya kuijenga leo? Tume ilitegemea makadirio ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kupandisha bei; kampuni ilitaka bei za 1919, kila kitu kikiwa kimekwisha panda. Mwaka 1923 kampuni ikashinda: mali ina thamani isiyopungua dola milioni 25, na faida ya asilimia 5 na theluthi haitoshi.

Jaji Brandeis, mmoja wa majaji wa mahakama hiyo, alikubali kampuni ishinde, ila njia ya kupima aliikataa. Hesabu ile ya kukadiria thamani ya leo, aliona, ni ya kubahatisha. Hesabuni fedha zilizowekezwa kwa busara, basi. Kwangu yeye ndiye aliyeona mbali. Kufika 1944, katika kesi ya kampuni ya gesi ya Hope, mahakama iliacha kuwafunga wadhibiti wa bei kwenye kipimo kimoja.

Kisha teknolojia ikashusha gharama za mitambo. Katika kesi ya Verizon ya 2002, kampuni kongwe za simu zilirudi mahakamani kuhusu bei za kuwakodisha washindani mitandao yao. Safari hii zilipinga kupimiwa kwa gharama za leo, zikataka fedha walizotumia zamani. Zikashindwa.